Ndege ya bei nafuu au treni: jinsi ya kuipigia hesabu safari kati ya miji ya Ulaya

Mtu anayetafuta tiketi ya kutoka Paris kwenda Barcelona wiki chache kabla ya safari anaweza kukuta ndege ikiuzwa kwa euro 30 na treni kwa euro 90, ilhali ndege ndiyo inayopaa umbali wa zaidi ya kilomita 800, inayochoma mafuta mengi na inayohitaji viwanja viwili vya ndege. Wengi huishia kwenye bei hizo mbili, wakanunua iliyo ndogo. Wapo pia waliokwisha kuamua kwamba treni ni bora kwa vyovyote vile, nao hulipa bila kuuliza. Makundi yote mawili yanalinganisha vitu visivyo sawa. Bei ya ndege ya nafuu ni bei ya kipande kimoja cha safari, kutoka uwanja hadi uwanja, kwa abiria asiye na mzigo wa maana. Bei ya treni, kwa sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, ni bei ya kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mji mwingine, pamoja na sanduku. Kabla ya kuchagua, inafaa kujua kila bei imetoka wapi.

Hadi miaka ya 1980, safari za anga kati ya nchi za Ulaya ziliendeshwa kwa makubaliano ya serikali mbilimbili, na kila serikali ililinda shirika lake la taifa. Sheria zilizopitishwa mwaka 1992 zilivunja utaratibu huo, na kufikia Aprili 1997 shirika lolote la nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya liliweza kuruka njia yoyote ndani ya Umoja huo, hata kati ya miji miwili ya nchi isiyo yake. Ryanair la Ireland na easyJet la Uingereza yaliingia kwenye mlango huo mapema, na baadaye yakafuatwa na mengine kama Wizz Air la Hungaria na Vueling la Uhispania. Mbinu yao inajulikana. Karibu ndege zote za Ryanair ni za aina moja, Boeing 737, kwa hiyo marubani, mafundi na vipuri vinabadilishana bila shida. Ndege ikishatua hupangiwa dakika 25 tu ardhini kabla ya kuruka tena, kwa kuwa ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu. Viwanja vinavyopendelewa mara nyingi ni vile vya pembeni, vyenye ada ndogo na nafasi tele, na baadhi ya viwanja hivyo, kwa kuhitaji wageni, vimekuwa tayari kuyapa mashirika masharti ambayo uwanja mkubwa usingeyakubali.

Kodi nayo ina sehemu yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kodi za nishati inasamehe mafuta ya ndege za biashara, na tiketi ya ndege ya kimataifa kwa kawaida haitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Zipo nchi zinazotoza kodi ya abiria wa ndege, na Ufaransa ilipandisha ya kwake mwezi Machi 2025 hadi euro 7.40 kwa abiria wa daraja la kawaida anayesafiri ndani ya Ulaya, lakini kodi ya aina hiyo haijafikia mahali pa kuifanya ndege kuwa ghali. Kisha kuna mapato yasiyo nauli: begi, kiti cha kuchagua, kupanda mapema, chakula. Kwa Ryanair mapato hayo hukaribia theluthi ya mapato yote, na ndiyo maana shirika linaweza kuuza kiti kwa bei ya kutupa likijua kwamba sehemu ya abiria watalipa kilichobaki kwa njia nyingine.

Treni haina uhuru huo. Kila inapopita hulipia njia ya reli kwa kilomita, na kwenye reli za mwendokasi na kwenye njia ya chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ada hiyo ni kubwa. Baadhi ya nchi, Ujerumani ikiwamo, hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa sehemu ya safari iliyo ndani ya mipaka yao. Linaloumiza zaidi, na ambalo abiria halioni, ni mpaka wenyewe. Ndege haijali ni umeme gani unaotumika katika nchi iliyo chini yake. Treni inajali sana: Ujerumani hutumia volti 15,000, Ubelgiji volti 3,000 na Uholanzi volti 1,500 kwenye reli zao za kawaida, Ufaransa hutumia volti 25,000 kwenye reli zake za mwendokasi, na kila nchi ilikuwa na mfumo wake wa ishara. Uhispania ilikwenda mbali zaidi kwa kujenga reli zake za zamani kwa upana wa milimita 1,668 badala ya 1,435 ya majirani. Treni inayoweza kupita kote huko ni ghali kununua, dereva wake anahitaji mafunzo ya ziada, na treni zenyewe ni chache. Penye treni chache na wasafiri wengi, bei hupanda.

Kwamba ughali huo si asili ya reli kunaonekana mahali palipoingia ushindani. Reli ya mwendokasi kati ya Madrid na Barcelona ilifunguliwa Februari 2008, safari ya karibu saa mbili na nusu kwa treni ya haraka, na kwa miaka mingi ilikuwa na mwendeshaji mmoja tu, shirika la taifa Renfe. Mwezi Mei 2021 iliingia Ouigo, kampuni ya Wafaransa, na Novemba 2022 ikafuata Iryo, huku Renfe yenyewe ikiwa imeanzisha treni zake za bei nafuu ziitwazo Avlo. Tiketi za kuanzia euro 9 zikaanza kutangazwa katika njia ambayo zamani ilikuwa ya wafanyabiashara. Huko Italia, Italo ilianza kushindana na shirika la taifa mwaka 2012, na leo anayekwenda Rome kutoka Milan, safari ya takriban saa tatu, hana sababu kubwa ya kufikiria ndege. Ukiwa kwenye njia ya namna hii, swali la ndege au treni limekwisha kujibiwa. Matatizo huanza unapovuka mpaka.

Turudi basi Paris na Barcelona, kwa kuwa njia hii iko mahali ambapo mizani haijaegemea upande mmoja. Treni ya moja kwa moja huondoka Gare de Lyon, kituo cha treni cha mjini Paris, na kufika kituo cha Barcelona Sants baada ya muda unaokaribia saa saba. Sehemu kubwa ya njia ni ya mwendokasi, na tangu Desemba 2010 kuna reli ya kisasa inayopita chini ya milima ya Pirenei kwa handaki, lakini kati ya Montpellier na Perpignan treni bado hutumia reli ya zamani na kwenda polepole kandokando ya mabwawa ya pwani. Ndege yenyewe huchukua chini ya saa mbili. Ukiitazama hivyo tu, tofauti ni saa tano.

Sasa tuhesabu kuanzia mlangoni. Tuseme ndege inaondokea Beauvais, uwanja unaotangazwa kama wa Paris ingawa uko zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini. Nusu saa ya kufika kituo cha basi, saa moja na robo ya basi, saa moja na dakika 45 za kuwahi, kukaguliwa na kusubiri, saa moja na dakika 50 angani, nusu saa ya kushuka na kutoka, na dakika 40 za kuingia Barcelona mjini. Jumla ni saa sita na nusu. Kwa treni, nusu saa ya kufika Gare de Lyon, dakika 20 za kuwahi, saa saba kasoro robo njiani, na robo saa ya kufika hotelini: saa saba na dakika 50. Tofauti ya saa tano imeshuka na kuwa saa moja na dakika 20. Ndege hiyohiyo ikiondokea Orly, uwanja mwingine wa Paris, mambo hubadilika, kwa kuwa tangu Juni 2024 treni ya chini ya ardhi ya mstari wa 14 hufika uwanjani moja kwa moja kutoka katikati ya Paris. Safari nzima inaweza kuwa saa tano na dakika chache, na hapo ndege inashinda kwa muda usiopuuzika. Kwa hiyo jina la uwanja kwenye tiketi lina uzito kuliko jina la mji. Hahn, ulioitwa wa Frankfurt, uko karibu kilomita 120 kutoka Frankfurt. Skavsta, unaoitwa wa Stockholm, uko karibu kilomita 100 kutoka mji huo. Girona, unaouzwa kama wa Barcelona, uko karibu kilomita 90.

Fedha nazo zihesabiwe vivyo hivyo. Tiketi ya euro 30, tuseme, iongezewe euro 25 za begi la magurudumu, basi la Beauvais ambalo ni zaidi ya euro 15 kwa safari moja, na euro chache za usafiri wa kuingia mjini Barcelona. Imefika karibu 80. Ndege inayoruka saa 12 na robo asubuhi, ambayo aghalabu ndiyo ya bei ya chini kabisa, humtaka abiria awe uwanjani kabla ya usafiri wa umma kuamka. Hapo huingia teksi au chumba cha kulala jirani na uwanja, na unafuu unakwisha. Msafiri mwenye mkoba mmoja wa mgongoni, anayekaa karibu na kituo cha basi na asiyejali kuamka usiku, bado ataiona ndege kuwa rahisi, na atakuwa sahihi. Familia ya watu wanne yenye masanduku haiko katika hesabu hiyo.

Suala la begi linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiko fedha nyingi hupotelea. Mkoba wa bure katika Ryanair na Wizz Air ni wa sentimita 40 kwa 30 kwa 20, yaani kitu cha kuingia chini ya kiti cha mbele. Karibu na lango huwa kuna kisanduku cha chuma cha kupimia, na mkoba usioingia humo hulipiwa papo hapo kwa ada inayoweza kuzidi mara mbili ya nauli. Mwezi Novemba 2024 serikali ya Uhispania ilitangaza faini ya jumla ya euro milioni 179 dhidi ya mashirika matano ya ndege, kwa sababu mojawapo ikiwa ni ada za mizigo ya mkononi, na mashirika hayo yamezipinga. Treni nazo zimeanza kuweka mipaka. Tangu mwaka 2024 treni za mwendokasi za Ufaransa zinaruhusu masanduku mawili na mkoba mmoja kwa abiria, kila kimoja kikiwa na vipimo vyake, na asiyefuata anaweza kutozwa faini. Ouigo huko Ufaransa huruhusu mizigo midogo tu bila malipo, na sanduku kubwa hulipiwa. Hata hivyo, katika treni nyingi hakuna anayepima, wala hakuna anayekunyang'anya chupa ya mafuta ya nazi kwa sababu imezidi mililita 100.

Kwa msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, kuna hesabu nyingine ambayo Mzungu hana haja ya kuifanya. Ndani ya eneo la Schengen, ambalo sasa lina nchi 29, ndege na treni zote hupita bila kugongwa muhuri, lakini karatasi hukaguliwa kwa namna tofauti. Ryanair limekuwa na utaratibu wa kuwataka abiria wasio raia wa nchi za Ulaya wapitie kwenye kaunta ili pasipoti na viza zao zikaguliwe kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama wamekwisha kujisajili kwenye simu. Asiyejua hilo hufika langoni, akarudishwa kwenye foleni ya mwanzo, na ndege haimsubiri. Katika treni hakuna kaunta ya namna hiyo. Badala yake polisi wanaweza kupanda na kuuliza pasipoti, hasa katika treni zinazoingia Ujerumani, ambayo tangu Septemba 2024 imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Pasipoti halisi iwe mfukoni, na si nakala.

London ni habari tofauti. Treni ya Eurostar huunganisha Paris na London kwa muda wa saa mbili na robo hivi, na kwenye ramani inaonekana kama safari nyingine ya kawaida ya Ulaya. Uingereza haimo katika Schengen. Mwenye viza ya Schengen anahitaji viza ya Uingereza ili kuvuka, na kama viza yake ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, akishatoka kwenda London haimruhusu tena kurudi Paris hata kama siku zake hazijakwisha. Ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika kituoni kabla ya kupanda, kwa hiyo milango hufungwa mapema na hakuna suala la kukimbilia treni dakika ya mwisho kama ilivyo kwa Lyon au Brussels. Hata hivyo, kati ya London na Paris sioni hoja ya kuchagua ndege ila bei ya Eurostar ikiwa imepanda mno, jambo ambalo hutokea kwa anayenunua siku chache kabla ya safari.

Ununuzi wa mapema ni jambo ambalo watu hulielewa kwa ndege na kulisahau kwa treni. Tiketi za treni za mwendokasi huuzwa kwa mafungu: la kwanza ni la bei ya chini, likiisha hufunguliwa linalofuata, na linalobaki siku ya safari linaweza kuwa mara nne au tano ya lile la mwanzo. Ujerumani huziita za bei ya chini Sparpreis, na zinamfunga mnunuzi kwenye treni aliyoichagua, wakati ile ya Flexpreis humruhusu kupanda treni yoyote ya siku hiyo. Kanuni hiyo haigusi treni za mikoani, ambazo katika nchi nyingi bei yake haibadiliki hata ukinunua dakika tano kabla. Anayepanga kuzunguka miji mingi anaweza kufikiria pasi ya treni: Interrail kwa wakazi wa Ulaya, bila kujali uraia, na Eurail kwa wanaotoka nje. Mtanzania anayeishi Hamburg hununua ya kwanza, na ndugu yake anayetoka Tanga hununua ya pili. Zote mbili hazifuti ada ya kuhifadhi kiti katika treni nyingi za mwendokasi za Ufaransa, Italia na Uhispania.

Halafu kuna siku mambo yanapoharibika. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 humpa abiria wa ndege aliyechelewa kufika kwa saa tatu au zaidi fidia ya euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, bila kujali alilipa nauli kiasi gani. Aliyenunua tiketi ya euro 30 anaweza hivyo kulipwa mara nane ya nauli yake, isipokuwa kama sababu iko nje ya uwezo wa shirika, mathalani hali mbaya ya hewa au mgomo wa waongoza ndege. Kwa treni fidia hufuata nauli: robo ikichelewa saa moja, nusu ikichelewa saa mbili au zaidi. Kwa hiyo kwa mtu mmoja aliyekwama, sheria ya ndege ni karimu zaidi. Lakini mgomo wa waongoza ndege wa Ufaransa huvuruga hata ndege zinazopita tu juu ya nchi hiyo, na ndege ya nafuu ikifutwa, inayofuata ya shirika hilo kwenda mji huo inaweza kuwa kesho kutwa. Treni zilizo nyingi kwa siku hustahimili zaidi, ingawa si kila mahali: mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati, na shirika hilo huhesabu kuwa ni kwa wakati hata zilizochelewa kwa dakika chini ya sita. Anayebadilisha treni huko Köln au Frankfurt ajipe nafasi ya saa nzima, na ikiwezekana anunue safari yote kwa tiketi moja, kwa kuwa tiketi zilizonunuliwa mbalimbali humwachia mwenyewe gharama ya treni aliyoikosa.

Wanaojali mazingira wana sababu yao, nayo ina namba. Wakala wa Mazingira wa Ulaya, kwa takwimu za mwaka 2018, ulikadiria gramu 160 za hewa ukaa kwa kila kilomita ya abiria wa ndege na gramu 33 kwa wa treni. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2023 safari za ndege za ndani ambazo treni inazimaliza chini ya saa mbili na nusu, lakini ni njia tatu tu kutoka Orly, za Nantes, Lyon na Bordeaux, zilizoguswa, na mashirika yalikuwa yamekwisha kuacha kuzihudumia.

Kwa maoni yangu mpaka wa uamuzi unapimwa kwa saa za treni kuliko kwa bei. Treni ikichukua hadi saa nne bila kubadilisha, kama Paris na Amsterdam au Berlin na Munich, ndege haina la kumpa anayetoka mjini kwenda mjini. Kati ya saa nne na saba uamuzi hutegemea uwanja, sanduku na siku ya kununua tiketi. Ikizidi saa nane ndege hushinda, isipokuwa kama kuna treni ya usiku, kama zile za Nightjet za Austria kutoka Vienna, ambazo kwa anayepata kitanda kwa bei nzuri huokoa pia gharama ya hoteli. Na zipo njia ambazo treni haimo kabisa katika ushindani: Lisbon na Madrid ni miji mikuu miwili jirani, lakini tangu treni ya usiku iliyoiunganisha iliposimamishwa mwaka 2020, anayeshikilia kusafiri kwa reli hubadilisha treni zaidi ya mara moja na kumaliza siku nzima njiani, hata basi linafika kabla yake, wakati ndege huchukua saa moja na dakika chache.